Drapo zimebadilika, kijiji hakikuhama

Wakati wengi wetu tulivuka ziwa Tanganyika kwenda Kigoma, mwaka 1996, drapo ya inchi ilikuwa ya kijani: mkono umeshika mwenge ndani ya duara la manjano. Mobutu aliiweka mwaka 1971, alipoita inchi Zaïre.

Mwezi wa tano 1997, tukiwa kambini, Kabila aliingia Kinshasa. Ikarudi ile ya Uhuru wa 1960: buluu, nyota kubwa katikati, na nyota ndogo sita pembeni kwa majimbo sita ya wakati ule. Nyota kubwa yenyewe ni ya zamani zaidi: Leopold wa Pili aliitumia, na Wabeljiji waliiacha vile.

Mwaka 2006 ikaja hii ya leo, inayofanana na ile ya mbele ya Zaïre. Buluu ni amani. Nyekundu ni damu ya waliokufa kwa ajili ya inchi. Manjano ni mali yetu, nyota ni kesho yetu.

Kwa nini tunakumbusha haya? Wazee wamerudi na karte za Zaïre, na watoto waliozaliwa Tanzania wanauliza: Zaïre ni inchi gani? Tuwaambie: ni hii hii. Wamemba, musitupe zile karte. Zinaonyesha kama tulikuwa hapa mbele ya vita. Tangu tukimbie, drapo imebadilika mara mbili. Mashamba na makaburi ya wababu wetu havikuhama hata siku moja.