Nani Alisema Mikwaju Minne?

Ukitoka Marani kwa matatu hadi Kisii mjini, safari ni fupi lakini milima ni mingi. Pale mjini kuna uwanja wa gofu wa Kisii Sports Club. Una mashimo 9 tu, kwa hivyo anayetaka 18 huzunguka mara mbili. Kila shimo lina pari yake, yaani idadi ya mikwaju ambayo mchezaji hodari anatarajiwa kutumia. Lakini nani aliamua?

Hesabu si ngumu. Ukishafika kwenye grini, unapewa mikwaju miwili ya kutumbukiza mpira. Fundi akifika pale kwa mkwaju mmoja, shimo ni pari 3. Akifika kwa miwili, ni 4. Kwa mitatu, 5.

Neno lenyewe lilitoka kwenye soko la hisa. Mwaka 1870, mwandishi A.H. Doleman aliwauliza wachezaji David Strath na James Anderson: asiyekosea atazunguka mashimo 12 ya Prestwick, Scotland, kwa mikwaju mingapi? Wakasema 49. Doleman akaiita pari. Young Tom Morris akashinda kwa 149 katika mizunguko mitatu, miwili tu juu ya pari. Kumbe kipimo kilianza kama maoni ya watu wawili!

Mwaka 1911 Wamarekani wakaleta kamba: hadi yadi 225 ni pari 3, hadi 425 ni 4, hadi 600 ni 5. Lakini kamba haioni mlima. Kisii iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na mpira huruka mbali. Siku hizi wapimaji huangalia pia miinuko, kona na upepo, na wanawake wana vipimo vyao.

Bado kuna swali la huyo "mchezaji hodari". Enzi za ukoloni, klabu za gofu nchini zilikuwa za Wazungu. Mwafrika aliingia akiwa kedi, begi begani. Alijua kila shimo, ila kadi ya alama haikuwa na nafasi ya jina lake. Baada ya uhuru, wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa walitoka kwa hao makedi. Walikuwa wamejifunza pari kwa miguu, kabla ya kuruhusiwa kuicheza.