Eric Ericson, Mwalimu wa Walimu wa Kwaya

Wanaodai kwamba kwaya za Uswidi zilipata sifa kwa fedha za redio wameshika mkia wa habari wakaacha kichwa. Kichwa ni Eric Ericson, mzaliwa wa Borås, 1918. Alisomea Stockholm, kisha Basel alikochota muziki wa kale, na mwaka 1945 akaunda kwaya yake ndogo. Siku za Jumatatu alikutana na watunzi Karl-Birger Blomdahl, Sven-Erik Bäck na Ingvar Lidholm, nao wakajulikana kama Kundi la Jumatatu. Mtunzi akiandika jambo gumu, mwenye kwaya ya kulijaribu alikuwa pale pale. Mwaka 1951 alikabidhiwa Kwaya ya Redio ya Uswidi, na mwaka huo huo Orphei Drängar ya Uppsala, kwaya ya wanaume.

Hapa lazima litajwe ajabu la Machi 1965. Requiem, misa ya wafu ya mtunzi Ligeti, iliimbwa kwa mara ya kwanza mjini Stockholm, Michael Gielen akiongoza, ila aliyeifundisha kwaya ni Ericson. Katika sehemu yake ya Kyrie, makundi matano ya sauti hugawanyika kila moja mara nne, zikawa sauti 20 zinazopishana kwa karibu mno, hata mwimbaji hawezi kumwegemea jirani yake. Wimbo kama huo haushikiki ila kwa waimbaji waliozoezwa kusikiliza kabla ya kufungua kinywa.

Turudi kwenye dai. Husemwa kwamba Waswidi waliimba tangu zamani, na Orphei Drängar yenyewe ni ya 1853. Tena redio ililipa mishahara. Yote ni kweli, wala hayatoshi. Waimbaji wa Orphei Drängar hawalipwi, lakini chini ya Ericson walipata sifa nje ya nchi sawa na wale wa redio. Mshahara humleta mwimbaji mazoezini. Haumfundishi anayesimama mbele yake kutambua kwamba alto imeshuka kidogo, wala kuirudisha kwa mkono bila kusimamisha wimbo. Hayo yalifundishwa katika Chuo cha Kifalme cha Muziki, Stockholm, alikofundisha Ericson kwa miongo kadhaa. Na ushahidi ni warithi: baada yake, kwaya ya redio ilifika mikononi mwa Gustaf Sjökvist, mwanafunzi wake, Orphei Drängar ikaenda kwa Robert Sund mwaka 1991, naye pia mwanafunzi wa Ericson, na Stefan Parkman, wa shule hiyo hiyo, akaongoza kwaya ya redio ya Denmark. Ericson alipewa Tuzo ya Polar mwaka 1997, akafariki mwaka 2013. Fedha zingekuwa ndiyo asili, sifa ingebaki redioni zilipolipwa. Ilihama na wanafunzi, kwa hiyo asili yake ni mwalimu.