Bahari Kwanza au Mlima Kwanza? Mambo ya Kujua Unapompokea Mgeni Aliyetoka Kuzamia

Kuanzia Desemba hadi Machi, kabla masika hayajashika, joto linapanda pwani na bara. Huu ndio wakati ambao wageni wengi wanaikimbia baridi ya Ulaya na kuja kwetu. Kaskazi inavuma, na bahari ya Unguja, Pemba na Mafia inakuwa ya vuguvugu. Wengi wao wanazamia siku kadhaa kutazama samaki na matumbawe, kisha wanataka kuona kitu kingine kabla ya kurudi kwao.

Hapo ndipo Uluguru inapoingia. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, safari hiyo inachukua chini ya saa mbili. Mgeni anaweza kuwa baharini leo na kesho yake akawa njiani kwenda Morningside, Bondwa au Mgeta. Kwa waongoza watalii, wenye nyumba za wageni, wapishi, wabeba mizigo na bodaboda, hii ni habari njema.

Lakini safari ya namna hiyo ina hatari ambayo wengi wetu huku milimani hatujawahi kuelezwa. Mtu aliyezamia kwa mtungi wa hewa akipanda mlima mapema mno anaweza kuugua vibaya, akapooza miguu, na mara chache hata kufa. Habari njema ni kwamba kinga yake haina gharama yoyote. Ni kusubiri tu.

Kuzamia kunakozungumziwa hapa

Vijana wakisikia neno "kuzamia" wanafikiria mtu aliyejificha melini kwenda ughaibuni. Sisi tunazungumzia mtu anayeshuka chini ya maji akiwa amebeba mtungi wa hewa mgongoni na kuvuta pumzi kwa mpira ulio mdomoni. Wenyewe wanaita skuba. Mtu mwenye cheti cha kwanza huruhusiwa kushuka hadi mita 18. Wenye mafunzo ya juu hufika mita 30, na mwisho wa uzamiaji wa burudani ni mita 40.

Hapa nchini shughuli hii inafanyika sana kuzunguka kisiwa cha Mnemba huko Unguja, Misali huko Pemba, na Ghuba ya Chole ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995.

Wapo pia wanaoogelea juu juu tu, uso ndani ya maji, wakitumia miwani na mrija. Ndivyo wengi wanavyowatazama papa potwe kule Mafia. Hao hawana shida ya kupanda mlima, kwa sababu wanavuta hewa ileile tunayoivuta sisi nchi kavu.

Hatari ipo pia kwa mvuvi anayeshuka chini akivuta hewa kwa mpira kutoka kwenye kompresa iliyo juu ya boti. Kama una ndugu anayefanya kazi hiyo pwani na anakuja nyumbani mlimani kwa sikukuu, makala haya yanamhusu sawasawa na mtalii.

Kinachotokea mwilini

Hewa tunayovuta ina naitrojeni kwa zaidi ya robo tatu. Tukiwa nchi kavu, naitrojeni hiyo inaingia na kutoka bila madhara. Chini ya maji mambo yanabadilika. Kila mita 10 za kina zinaongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Mtu akiwa mita 20 chini, mwili wake unabanwa mara tatu ya anavyobanwa akiwa ufukweni, na naitrojeni nyingi inasukumwa kuingia kwenye damu, mafuta na maungio.

Fikiria chupa ya soda. Ikiwa imefungwa, huoni povu, ingawa gesi imejaa ndani. Ukiifungua ghafla, povu linapanda hadi linamwagika. Ukiifungua taratibu, gesi inatoka kidogo kidogo na soda inatulia. Mwili wa mzamiaji ni vivyo hivyo. Akipanda juu taratibu kama alivyofundishwa, naitrojeni inatoka kupitia mapafu. Lakini haiishi yote kwa saa moja. Inayobaki inaendelea kutoka kwa saa nyingi baada ya kufika nchi kavu.

Sasa mtu huyo akipanda mlima, hewa inakuwa nyepesi na mgandamizo unapungua zaidi. Ni kama kuifungua tena ile chupa kabla haijatulia. Naitrojeni iliyobaki inaweza kugeuka mapovu ndani ya damu, kwenye maungio, au kwenye uti wa mgongo.

Ugonjwa huu si mpya. Miaka ya 1870 uliwapata mafundi wa daraja la Brooklyn kule New York, waliokuwa wakichimba misingi chini ya mto ndani ya vyumba vilivyojazwa hewa ya mgandamizo mkubwa. Mwaka 1908 mwanasayansi wa Uingereza, John Scott Haldane, na wenzake walitoa majedwali ya kuwapandisha wazamiaji hatua kwa hatua. Walikuwa wamewajaribu mbuzi ndani ya tanki la hewa. Mbuzi aliyepatwa na maumivu ya maungio alijulikana kwa kuinua mguu wa mbele, asitake kuukanyagia.

Milima yetu ina urefu wa kutosha kuleta shida

Watu wengi wanajua kwamba mtu akishazamia hapaswi kupanda ndege mara moja. Wanachosahau ni kwamba mlima nao ni kama ndege.

Ndani ya ndege kubwa ya abiria, hewa huwa nyepesi kama ya mlima wenye mita 1,800 hadi 2,400. Sasa tazama kwetu. Kilele cha Bondwa, kile chenye minara ya mawasiliano inayoonekana kutoka mjini, kina zaidi ya mita 2,100. Lupanga nacho kinakaribia mita 2,140. Kimhandu, kilele kirefu kuliko vyote vya Uluguru, kinapita mita 2,600. Kwa hiyo aliyesimama Bondwa au Lupanga anavuta hewa nyepesi kama ya aliyekaa ndani ya ndege angani. Tofauti ni kwamba huyu wa mlimani amepanda kwa miguu, ametoka jasho na amechoka, na hayo yanaweza kuongeza hatari.

Tahadhari za wataalamu zinaanzia kimo cha mita 600 hivi. Mji wa Morogoro uko takribani mita 500, kwa hiyo mgeni anaweza kushuka kwenye treni, kulala mjini na kutembea sokoni. Mikumi nayo iko karibu na kimo hicho, na barabara ya kwenda huko haipandi milima mirefu. Lakini Morningside ni zaidi ya mita 1,000, na vijiji vingi vya Mgeta ni hivyo hivyo. Dodoma, ambako treni hiyohiyo inaendelea, pia inapita mita 1,000. Anayekwenda Iringa kwa gari atapanda Kitonga.

Asubiri muda gani?

Mtandao wa kimataifa wa usalama wa wazamiaji, unaojulikana kwa kifupi kama DAN, una mwongozo wa anayetaka kuruka na ndege au kupanda kimo cha juu:

- Aliyezamia mara moja tu, bila kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda juu: asubiri angalau saa 12.
- Aliyezamia mara kadhaa kwa siku, au siku kadhaa mfululizo: angalau saa 18.
- Aliyezamia kwa namna iliyomlazimu kusimama njiani ili atoe naitrojeni: zaidi sana ya saa 18.

Wageni wengi wa likizo wamezamia siku kadhaa mfululizo. Kwa hiyo kanuni rahisi kwa mwongozaji ni hii: saa 24 kamili tangu alipotoka majini mara ya mwisho, na ikiwezekana zaidi. Kama alitoka majini Jumatatu saa sita mchana, asianze kupanda kabla ya Jumanne saa sita mchana. Jumatano asubuhi ni bora zaidi.

Saa hizi hazifuti hatari yote, ila zinaipunguza sana. Na joto la msimu huu halisaidii. Mtu aliyepungukiwa maji mwilini yuko kwenye hatari zaidi, hivyo anywe maji ya kutosha na apunguze pombe.

Namna nzuri ya kupanga safari

Mpangilio ulio salama zaidi ni mlima kwanza, bahari baadaye. Mgeni anafika Dar es Salaam, anapanda treni hadi Morogoro, anatembelea Morningside na maporomoko ya Choma, au anakwenda Mgeta kuona maporomoko ya Hululu. Anayependa ndege anaingia kwenye msitu wa hifadhi kuwatafuta wale wasiopatikana popote duniani isipokuwa Uluguru. Kisha anashuka pwani kuzamia. Kushuka kutoka mlimani kwenda baharini hakuleti ugonjwa huu. Muhimu ni kwamba siku ya mwisho kabla ya kupanda ndege ya kurudi kwao asizamie.

Kama tayari ameanza na bahari, usimfukuze mgeni wako. Mpangie siku ya katikati. Avuke kutoka Unguja kwa boti badala ya ndege ndogo, kwa sababu ndege nyingi ndogo zinazokwenda visiwani na mbugani hazina mgandamizo wa hewa ndani. Alale Dar es Salaam au Morogoro mjini. Siku hiyo atembee sokoni, ale ndizi na matunda ya Matombo na Kinole, au aende Mikumi kwa gari kuona wanyama. Mlima uje siku inayofuata. Hapo wewe umepata mgeni wa siku mbili badala ya moja, naye amepumzika.

Maswali manne ya kumuuliza

Mwulize kwa upole kabla hamjaondoka, kama unavyomuuliza kuhusu viatu na maji:

1. Je, umezamia kwa mtungi wa hewa siku hizi mbili tatu?
2. Mara ya mwisho ulitoka majini siku gani, saa ngapi?
3. Ulizamia mara ngapi, na kwa kina gani?
4. Una maumivu, ganzi au uchovu usio wa kawaida tangu ulipozamia?

Wazamiaji wengi huvaa saa ya kuzamia inayoonyesha muda wa kusubiri kabla ya kupanda ndege. Mwombe aitazame. Akisema saa haijamruhusu kuruka, basi na Bondwa haijamruhusu. Wala asikwambie kwamba yeye ni mzoefu. Naitrojeni haijui mzoefu wala mgeni.

Dalili za kuangalia

Dalili nyingi hujitokeza ndani ya saa 24 baada ya kuzamia, na mara nyingi mapema zaidi. Lakini kupanda juu kunaweza kuziamsha kwa mtu aliyekuwa anajiona mzima. Ni pamoja na:

- maumivu ya bega, kiwiko au goti bila kuteguka wala kuanguka;
- uchovu mkubwa usiolingana na safari;
- ngozi kuwasha au kuwa na mabaka;
- ganzi, kuchomachoma au miguu kukosa nguvu;
- kizunguzungu, kuchanganyikiwa au kuona vibaya;
- kushindwa kukojoa;
- kifua kubana au kupumua kwa shida.

Huku kwetu mtu akilalamika uchovu na maungio kuuma, wa kwanza kutajwa ni malaria. Kipimo cha malaria kifanyike, lakini kisichelewesha mambo mengine. Ugonjwa wa wazamiaji kwa kawaida hauleti homa. Mgeni asiye na homa, aliyetoka baharini jana, na sasa goti linamuuma au mguu umekufa ganzi, asiambiwe apumzike ataona kesho.

Akiugua ukiwa naye mlimani

Mshushe. Kila mita mnayoshuka inasaidia. Asijitutumue kutembea. Akiwa dhaifu abebwe kwa machela, hata ya miti na shuka, akiwa amelala chali. Akitapika au akipoteza fahamu, mlaze kwa ubavu.

Apewe maji ya kunywa kidogo kidogo kama yuko macho na hatapiki. Asipewe pombe.

Apelekwe kwenye kituo chenye oksijeni. Kwa Morogoro, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ndiyo mahali pa kukimbilia. Oksijeni safi, inayotolewa kwa barakoa mapema iwezekanavyo, ndiyo huduma ya kwanza iliyo kubwa kuliko zote. Asipelekwe kamwe kuzamia tena "ili mapovu yatulie".

Mkifika, mwambie mganga jambo moja kabla ya yote: "Huyu alizamia baharini kwa mtungi, siku fulani, saa fulani." Bila maneno hayo, hata daktari mzuri anaweza kutibu kitu kingine. Wazamiaji wengi wana kadi ya bima ya uzamiaji. Piga simu kwenye namba iliyoandikwa hapo ili daktari azungumze na wataalamu wao. Tiba kamili hufanyika ndani ya tanki maalumu la mgandamizo, na matanki hayo ni machache Afrika Mashariki. Ndiyo maana kila saa ina thamani. Kama atasafirishwa, njia ya barabara ya kushuka Dar es Salaam haimpandishi juu. Ikibidi kutumia ndege, daktari ndiye aamue, na iwe ndege inayoruka chini au yenye mgandamizo kama wa nchi kavu.

Kwa ufupi

Mlima kwanza, bahari baadaye. Kama ni bahari kwanza, saa 24 kabla ya kupita Morogoro mjini kwenda juu. Aliyeogelea kwa mrija tu hana haja ya kusubiri. Na anayeugua ashuke, apate oksijeni, na daktari aambiwe kwamba alizamia.

Mpelekee mwenzako ujumbe huu, hasa anayeongoza wageni au mwenye ndugu anayezamia pwani.