Picha Zilizofungiwa Sandukuni

Katika makanisa yetu wako wazee ambao baba zao walikwenda Bama, ambako askari wa Afrika Mashariki walipigana na Wajapani mwaka 1944. Wengi wa baba hao walirudi wakasema machache. Leo twamkumbuka askari mwingine wa vita ile, Mmarekani Joe O'Donnell, aliyenyamaza kwa zaidi ya miaka arobaini.

O'Donnell alizaliwa mwaka 1922 huko Johnstown, Pennsylvania. Wajapani waliposhambulia Pearl Harbor, Desemba 1941, alijiandikisha jeshini kwa hasira, akitaka kulipiza kisasi. Jeshi likampa kamera. Mnamo Septemba 1945, vita ikiwa imekwisha, akapelekwa Japani kupiga picha za miji iliyoharibiwa, akazunguka huko miezi saba. Alichukua kamera mbili: moja ya jeshi, ya pili yake mwenyewe.

Kamera hiyo ya pili ndiyo iliyomsumbua. Nagasaki ilipigwa kwa bomu la atomiki tarehe 9 Agosti 1945, saa tano na dakika mbili asubuhi. Hata mwisho wa mwaka ule watu wapatao 70,000 walikuwa wamekufa. Kanisa kuu la Urakami liliwaangukia waumini waliokuja kuungama dhambi zao.

Katika picha moja asimama mvulana wa miaka kama kumi, hana viatu, amejikaza wima kama askari wa gwaride. Mgongoni amembeba mdogo wake, kama mabinti zetu wanavyobeba watoto. Ukiitazama kwa haraka utadhani mtoto amesinzia. La, amekufa, na mvulana amemleta mahali pa kuchomea maiti. O'Donnell alieleza kwamba wanaume walimfungua mtoto wakamweka motoni. Mvulana akauma mdomo hata ukatoka damu, akageuka, akaenda zake kimya.

Mwaka 1946 O'Donnell alizifungia picha zake sandukuni, akafanya kazi ya kupiga picha za serikali. Daudi, katika Zaburi ya 32, aujua uzito wa kunyamaza. Ndipo mwaka 1989, katika nyumba ya masista huko Kentucky, akaona mchongo wa Kristo msalabani uliowakumbuka waliouawa kwa bomu la atomiki. Akarudi nyumbani, akalifungua sanduku.

Wenzake wa vita wengine walimkasirikia, na maonyesho yaliyokusudiwa Washington mwaka 1995 yakafutwa. Hatuwadharau, wengi walikuwa wamezika rafiki zao. Wala hatumfanyi O'Donnell malaika. Katika uzee wake alidai kuwa ni zake picha kadhaa zilizopigwa na wengine, na jamaa yake walisema akili ilikuwa imechoka. Lakini ile ya mvulana ni yake.

Alifariki tarehe 9 Agosti 2007, siku ileile ya Nagasaki. Mwishoni mwa mwaka 2017 Papa Fransisko aliagiza picha hiyo ichapwe kwenye kadi na kugawiwa watu. Sisi si wa kanisa lake, lakini katika hilo twamshukuru.

Jina la mvulana halikuandikwa. Na tuinamishe vichwa, tuwaombee jamaa za waliokwenda Bama, na mvulana yule, ikiwa angali hai.