Umri kwa Riadha: Vile Desemba 31 Inaweza Kukufungulia ama Kukufungia Mlango

Kama unakimbia, ama uko na mdogo wako anayechapa mbio asubuhi kwa ile baridi ya Mau Narok, kuna tarehe moja mnafaa kuijua kama mnavyojua majina yenu: Desemba 31. Hiyo ndiyo shirika la riadha duniani, World Athletics, hutumia kuhesabu umri. Hawaangalii uko na miaka mingapi siku ya mbio. Wanauliza swali moja tu: mwaka huu ukiisha, utakuwa umefikisha ngapi?

Hesabu iko hivi

U18 ni wale wanaofikisha 16 ama 17 kabla mwaka uishe. Mwisho wa U20 ni 19, na mtoto wa 16 anaweza kuingia huko kama ako fiti. Chini ya 16 hakuna mashindano ya dunia, hata uwe moto aje. Mbio za mita 10,000 za wakubwa, kama hujafikisha 18, sahau. Marathoni ya Olimpiki ama ya ubingwa wa dunia inataka 20.

Mashindano ya dunia ya U18 nayo yalishazikwa. Ya mwisho yalifanyika hapa kwetu, Kasarani, Julai 2017. Kwa hivyo siku hizi mlango wa kwanza wa dunia kwa chipukizi ni U20.

Siku 10 za Faith

Cheki Faith Kipyegon, mtoto wa Keringet, kaunti hii hii ya Nakuru. Alizaliwa Januari 10, 1994. Mwaka 2010 alikimbia mbio za nyika za dunia za chipukizi huko Bydgoszcz, Poland, miguu mitupu, akamaliza wa nne. 2011 akashinda hizo mbio Uhispania, kisha akabeba dhahabu ya U18 ya mita 1,500 Lille, Ufaransa. 2012 akawa bingwa wa dunia wa chipukizi Barcelona. 2013 akarudi Bydgoszcz, akashinda nyika tena.

Sasa rudisha kalenda nyuma siku 10 tu. Angezaliwa Desemba 31, 1993, mwaka 2011 angehesabiwa 18, na dhahabu ya Lille ingekuwa ya mwingine. 2013 angehesabiwa 20, kumaanisha angewekwa na wakubwa. Msichana ni yule yule na mapafu ni yale yale, lakini dhahabu mbili zingeenda na siku 10.

Hata mwaka wako ni bahati

Mashindano ya dunia ya U20 huja kila baada ya miaka miwili: 2022, 2024, 2026. Aliyezaliwa 2007 anafika 2026 akihesabiwa 19, mwili umekomaa. Wa 2008 anafika akihesabiwa 18, na 2028 atakuwa 20, ameshatoka. Corona nayo iliwachezea watu vibaya. Mashindano ya Nairobi ya 2020 yalisukumwa hadi Agosti 2021, na waliozaliwa 2001 wakajipata wamepita umri bila kukimbia hata hatua moja.

Huko huko Nairobi, Emmanuel Wanyonyi alishinda mita 800 akiwa na miaka 17. 2022 alikuwa bado anaruhusiwa U20, lakini alienda na wakubwa ubingwa wa dunia huko Eugene, akamaliza wa nne. 2023 akapata fedha Budapest, na 2024 dhahabu ya Olimpiki Paris akiwa na miaka 20.

Kungoja si kufa

Wale wanaona marathoni imecheleweshwa wakumbuke Samuel Wanjiru wa Nyahururu. 2005, akiwa na miaka 18, alivunja rekodi ya dunia ya nusu marathoni. Marathoni yake ya kwanza alikimbia Desemba 2007. Miezi minane baadaye alikuwa bingwa wa Olimpiki Beijing, akiwa na 21.

Kwa barafu ni noma zaidi

Mchezo wa kuteleza kwenye barafu ulikuwa unaruhusu watoto wa 15 kushindana na wakubwa. Baada ya Mrusi Kamila Valieva, wa miaka 15, kunaswa kwa sakata la dawa kwenye Olimpiki ya Beijing 2022, shirika la mchezo huo lilipiga kura mwaka huo huo kupandisha umri hatua kwa hatua hadi 17. Wao hesabu yao ni Julai 1. Na kwa wale wanaoteleza wawili wawili, mvulana na msichana, lazima wote wawili wafikishe. Mmoja akipungukiwa hata na siku moja, mwenzake anangoja naye, ama atafute mwingine. Mkimbiaji wetu angalau anabeba umri wake peke yake.

Kukata umri

Hapa ndipo wasee huharibikiwa. Mtu anaona mlango umefungwa, anaambiwa "punguza miaka miwili tu, hakuna mtu atajua." Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, rekodi za shule zinasema vile, na pasi inasema ingine. Ukishikwa, unaweza kufutiwa matokeo na kufungiwa. Hata usiposhikwa, kuna mtoto wa 17 wa ukweli ameachwa nyumbani juu ulichukua nafasi yake.

Ufanye nini sasa

Chukua cheti mapema na uhakikishe tarehe inafanana kila mahali. Toa mwaka wako wa kuzaliwa kutoka kwa mwaka wa mashindano: hiyo ndiyo namba yako. Ikiwa bado, kuwa mpole na uendelee na mazoezi. Ikiwa imepita, mbio za wakubwa hazina mwisho wa umri, na medali kubwa ziko huko.