Kitanzi cha mtandao

Kitanzi cha mtandao ni hitilafu inayozuka swichi mbili za Itheneti zinapounganishwa kwa kebo zaidi ya moja bila kinga. Fremu ya Itheneti, tofauti na pakiti ya IP, haina kikomo cha safari. Kompyuta ikiwatangazia wote kwamba inatafuta anwani ya printa, tangazo hilo hupita kebo moja, hurudi kwa nyingine, na kila swichi hulitoa tena katika poti zote zilizobaki. Taa za poti humetameta mfululizo, na baada ya sekunde chache ofisi nzima hukwama.

Dawa ya kudumu ilichapishwa mwaka 1985 na Radia Perlman, mhandisi wa Digital Equipment Corporation nchini Marekani. Katika itifaki yake, swichi huteua mojawapo kuwa mzizi, kisha hufunga njia za ziada. Kebo iliyofungwa hubaki akiba, na hufunguliwa nyingine ikikatika. Ni ubunifu wa hali ya juu, kwani hakuna msimamizi anayehitajika. Taasisi ya wahandisi ya IEEE iliifanya itifaki hiyo kiwango, 802.1D, mwaka 1990. Swichi nyingi za bei nafuu hazina itifaki hii, na kati ya hizo inafaa kebo moja tu.