Swali la Kwanza ni la Nani? Tawasifu ya Kiswahili kutoka Ruvuma hadi Tanga

Kila mwaka tunapofundisha utungaji wa tawasifu, kazi nyingi tunazosahihisha huanza kwa namna moja: nilizaliwa tarehe fulani, katika wilaya fulani, nikiwa mtoto wa tatu katika familia ya watoto saba. Kisha hufuata shule ya msingi, sekondari na chuo. Kisarufi kazi hizi hazina kasoro kubwa. Hata hivyo, ukizisoma kumi mfululizo unaona kwamba ni fomu za kuombea kazi zilizogeuzwa kuwa aya.

Kwa kawaida sisi walimu huwalaumu wanafunzi kwa kukosa ubunifu. Katika makala hii tunapendekeza tutazame jambo hili kihistoria. Hoja yetu ni kwamba kila anayeandika maisha yake huwa anajibu swali, na kabla hajaandika inafaa ajue swali hilo limetoka kwa nani. Historia ya tawasifu katika Kiswahili inaonyesha kwamba mara nyingi swali la kwanza lilitoka kwa mtu mwingine.

Kijiji kando ya mto

Tuanzie mahali ambapo swali la "ulizaliwa wapi?" si jepesi. Nhica do Rovuma ni kijiji cha wilaya ya Palma, mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini kabisa mwa Msumbiji. Kiko upande wa kusini wa mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni mkoa wa Mtwara. Katika wilaya hiyo husikika Kimakwe, Kimakonde na Kimwani, Kiswahili hueleweka na wengi, na Kireno ni lugha ya shule na ofisi. Elimu ya lugha mbili ilipoanza rasmi katika shule za Msumbiji mwaka 2003, Kimwani na Kimakonde vilikuwa miongoni mwa lugha zilizotumiwa. Sarufi ya Kimakwe ya mwanaisimu Maud Devos ilichapishwa mwaka 2008.

Mapatano ya Wajerumani na Wareno ya mwaka 1886 yaliufanya mto Ruvuma kuwa mpaka. Mwaka 1894 Wajerumani wakaitwaa Kionga, iliyo kusini ya mdomo wa mto. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wareno wakaichukua, na mwaka 1919 ikathibitishwa kuwa yao. Mtu aliyezaliwa Kionga mwaka 1890 alibadilishiwa bendera angalau mara mbili kabla hajatimiza miaka 30, bila kuhama nyumba. Angeulizwa na karani nchi yake ya kuzaliwa, jibu lingetegemea karani ni wa serikali gani.

Si kwamba watu wa pwani hiyo hawakujua kuandika. Katika Hifadhi ya Nyaraka ya Kihistoria mjini Maputo zimo barua za karne ya 19 ambazo watawala wa pwani ya kaskazini waliwaandikia Wareno kwa Kiswahili, kwa hati ya Kiarabu. Barua hizo ziliandikwa kwa sababu ya shauri fulani: malalamiko, ahadi, biashara au vita. Mwandishi alijieleza kadiri shauri lake lilivyohitaji. Nhica yenyewe nayo imeandikwa, ila na wageni. Wataalamu wa mimea waliochunguza misitu ya pwani ya Cabo Delgado mwishoni mwa miaka ya 2000 walikusanya vielelezo huko, na jina la kijiji likaingia katika orodha za kisayansi. Majani na maua ya Nhica yana kumbukumbu zilizoandikwa. Maisha ya wanaoishi kando ya misitu hiyo yamebaki zaidi katika masimulizi ya mdomo.

Wavulana wa Kiungani

Kisa kinachotufaa zaidi kilitokea Unguja. Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana kama UMCA, ilikuwa na shule Kiungani, nje ya mji wa Zanzibar. Wanafunzi wake wengi walikuwa watoto waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini biashara yenyewe iliendelea kwa siri. Miongoni mwa watoto hao walikuwamo Wayao na Wanyasa, watu wa nchi zilizo juu ya bonde la Ruvuma, ambao misafara iliwateremsha hadi pwani.

Wavulana hao walifundishwa kusoma na kuandika Kiswahili, lugha ambayo wengi wao hawakuzaliwa nayo. Kisha waliandika habari zao: nyumbani kwao palivyokuwa, desturi za wazee wao, jinsi walivyokamatwa na walivyopelekwa pwani. Mwalimu wao A. C. Madan alizifasiri kwa Kiingereza, na mwaka 1887 zikatoka London katika kitabu kilichopewa jina la shule, Kiungani. Huyu ndiye Madan ambaye walimu wa Kiswahili wanamfahamu kwa kamusi zake za mwaka 1894 na 1903.

Tunapaswa kukithamini kitabu hicho kwa sababu mbili. Kwanza, watoto waliokuwa wamehesabiwa kama bidhaa walishika kalamu wakasema "mimi". Pili, wamehifadhi habari za nyumbani ambazo mfanyabiashara wa watumwa asingejali kuziuliza. Lakini tukumbuke pia mipaka yake. Aliyeomba habari hizo alikuwa mwalimu, na mwanafunzi hujua mwalimu anapenda kusikia nini. Msomaji aliyekusudiwa alikuwa Mwingereza, ambaye huenda angetoa mchango kwa misheni. Katika mazingira hayo, kutekwa na kuokolewa ndiko kunakokuwa kilele cha maisha, hata kwa kijana ambaye bado alikuwa na miaka mingi mbele yake.

Utaratibu huu uliendelea. Mwaka 1936 Margery Perham alihariri kitabu Ten Africans, na ndani yake yamo maisha ya Rashid bin Hassani, Mbisa aliyewahi kuwa mtumwa. Msimulizi ni Rashid, aliyeyaandika ni W. F. Baldock. Mwaka 1969 Eduardo Mondlane, katika kitabu chake juu ya mapambano ya Msumbiji, aliweka ushuhuda wa Alberto Chipande kuhusu mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960. Ushuhuda huo una thamani kubwa, lakini ni jibu la swali moja: siku ile uliona nini?

Waliochagua mwanzo wao

Hebu tuwatazame waandishi wawili walioushika mwanzo wenyewe. Wa kwanza ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyefariki Zanzibar mwaka 1905. Aliandika maisha yake kwa Kiswahili kwa hati ya Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akayahamisha katika herufi za Kirumi, na yakachapishwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Tippu Tip haanzi na kuzaliwa kwake. Anaanza na safari zake za biashara akiwa na umri wa miaka 12. Kwake yeye, mtu huanza kuwa mtu siku anapotoka na mzigo wa mali. Uchaguzi huo unatufahamisha tabia yake kuliko ambavyo tarehe ya kuzaliwa ingefanya. Pia unatufahamisha anachokipitia juu juu, kwa kuwa watumwa na wapagazi waliobeba pembe zake hawapati nafasi ya kusema "mimi" katika kitabu hicho. Kitabu chake na kile cha wavulana wa Kiungani vinafaa kusomwa pamoja darasani.

Wa pili ni Shaaban Robert wa Tanga (1909–1962). Maisha Yangu kilitoka mwaka 1949, na mwaka 1966, baada ya kifo chake, kikatolewa pamoja na Baada ya Miaka Hamsini. Shaaban alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, na bila shaka ofisini lilikuwapo jalada lenye habari zake. Yeye hakuinakili sura ya jalada lile. Hakutumia kurasa nyingi kueleza utoto wake. Aliandika juu ya ndoa, msiba wa kufiwa na mke na malezi ya watoto, akaingiza ndani ya kitabu tenzi mbili za kuwausia watoto wake. Msomaji wake wa kwanza, basi, alikuwa mtu wa nyumbani mwake.

Kati ya hali hizi mbili ipo njia ya tatu. Margaret Strobel na Sarah Mirza walirekodi maisha ya wanawake watatu wa Mombasa. Toleo la Kiingereza lilitoka mwaka 1989, na la Kiswahili, Wanawake Watatu wa Kiswahili, mwaka 1991. Waulizaji walikuwa watafiti, lakini maneno yalirudishwa katika lugha ya wasimulizi, ambapo jamaa zao wangeweza kuyasoma na hata kuyapinga.

Kwa nini jambo hili ni la leo

Oktoba 2017 vita vilianza Cabo Delgado kwa shambulio la Mocímboa da Praia. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa, na watu wa wilaya nzima wakatawanyika: wengine Pemba, wengine Nangade na Mueda, wengine wakaelekea mto Ruvuma. Mwaka 2022 waliohama makwao katika vita hivyo walikaribia milioni 1.

Mtu aliyehama makwao husimulia maisha yake mara nyingi kuliko mtu yeyote: kwa askari, kwa karani wa msaada, kwa mwandishi wa habari. Huulizwa jina, kijiji, idadi ya watoto na siku ya shambulio. Maswali hayo ni ya lazima, kwa kuwa bila hayo hakuna mgao wa chakula. Hatari ni kwamba akiyajibu mara 20, anaweza kuzoea kwamba maisha yake ndiyo hayo. Kijana wa Nhica aliyeona vita akiwa na miaka 15 alikuwa na miaka 15 kabla ya hapo, na hiyo haimo katika fomu.

Hapo ndipo mwalimu wa utungaji ana kazi. Katika mazoezi yetu tunashauri mambo manne. Mwanafunzi aandike kwanza swali ambalo angependa aulizwe, kisha alijibu hilo. Achague msomaji mmoja anayemjua kwa jina. Maneno ya nyumbani, yawe ya Kimakwe, Kimakonde au Kidigo, yabaki mahali pake. Mwisho, nakala ya kwanza ibaki mkononi mwake, na majina ya walio hai yasitajwe bila idhini yao.

Tarehe ya kuzaliwa haikukatazwa. Mwenye kuihitaji aiweke, ila aiweke pale anapopataka yeye. Tunawaomba walimu wenzetu wajaribu zoezi hili muhula ujao, nao waandike pamoja na wanafunzi wao. Atakayeona ugumu wa kulipata swali lake mwenyewe atakuwa ameelewa ni kwa nini kazi zile huanza na "nilizaliwa".